Hercules Juu ya Ziwa: Simuleta ya Ndege na Hesabu za Kigoma

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wananchi. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa sehemu chache zilizofupishwa.)



Nimewasikia watu mlangoni wakiulizana kama kweli mwalimu wa fizikia ameitwa kuja kuzungumzia michezo ya kompyuta. Ndiyo, ameitwa kwa hilo hilo. Dhamira yangu leo ni moja. Kijana anayerusha ndege kubwa ya jeshi ya mizigo kwenye kompyuta, akairusha kwa hesabu badala ya mbwembwe, atajua kuhusu mkoa huu jambo ambalo wengi wetu hatujakaa chini kulipigia hesabu: siku ya maafa ndege ya namna hiyo itatufaa kwa kiasi gani, na manufaa yake yataishia wapi. Nina hoja nne. Ya pili ndiyo ndefu, kwa hiyo mwenye usingizi aumalize kwenye ya kwanza.

1. Simuleta ilianza kama chombo cha kuokoa maisha

Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, kijana mmoja aitwaye Edwin Link alimaliza kutengeneza kijindege cha mbao kisichoruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na Link alichukua mivukuto ileile inayosukuma hewa kwenye vinanda akaiweka chini ya kijindege chake, kiweze kuinama na kugeuka mwanafunzi anapogusa usukani. Kwa miaka michache watu walikiona kama kitu cha bembea za maonyesho. Kisha, mwaka 1934, jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na ndani ya majuma machache marubani kadhaa wakafa kwa sababu hawakuwa wamezoea kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea saa za vipimo vya ndege peke yake. Hapo ndipo jeshi liliponunua vijindege vya Link, na Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mamia ya maelfu ya marubani walifundishiwa humo.

Leo zipo simuleta za namna mbili. Ya kwanza ni chumba kizima cha rubani kilichosimamishwa juu ya miguu sita inayokitikisa. Chuo cha Ethiopian Airlines kule Addis Ababa kinazo, ikiwemo ya Q400, ndege ya aina ileile ambayo Air Tanzania huileta hapa kwetu. Ya pili ni programu ya kompyuta ya mezani. Microsoft ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 1982, na toleo lake la 2024 lina ndege za jeshi za mizigo kama C-17 na A400M. Kwa shule zetu mimi napendekeza FlightGear, ambayo imejengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990 na ni ya bure. Kompyuta iliyokwisha kuchoka kidogo bado inaiweza.

2. Ndege kubwa ni hesabu tatu: uwanja, hewa na uzito

Tuanze na uwanja, maana kila mtu hapa anaujua kwa macho. Kiwanja chetu kiko mita 823 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko mita 770 na ushee. Lami haifiki mita 1,800. Ncha zake marubani huziita 16 na 34, yaani nyuzi 160 na 340 za dira. Chukua rula na ramani, urefushe mstari huo kutoka ncha ya kaskazini kwa kilomita kama 20: utaangukia hifadhi ya Gombe. Kwa maneno mengine, rubani anayekuja kutua kutoka kaskazini anawapita sokwe kichwani, na ile miinuko ambayo nyinyi mnaiona mkiwa kwenye boti kuelekea Mwamgongo anaiona chini ya tumbo la ndege, karibu kuliko angependa.

Sasa tumkabidhi kijana wetu ndege. Nachagua C-130 Hercules, aina ya H, kwa sababu imeenea duniani na vipimo vyake vinajulikana. Iliruka kwanza tarehe 23 Agosti 1954. Ina injini nne za rafadha, mabawa ya mita 40 kutoka ncha hadi ncha, na mlango wa nyuma unaoshuka kama daraja hadi kimo cha bodi ya lori. Jeshi letu la Anga, ambalo miaka ya 1960 lilipata msaada wa Kanada na ndege za Otter na Caribou, limekuwa na Y-8 kutoka China, ya ukoo wa Antonov An-12, ambayo kwa ukubwa na kazi haiko mbali na Hercules. Basi hesabu nitakazotoa zinatugusa hata kama Hercules yenyewe haijawahi kuwa yetu.

Mruhusuni kijana aje kutoka upande wa Kongo, akiwa mita 3,000 juu ya ziwa. Mteremko wa kawaida wa kutua ni nyuzi 3. Mwanafunzi yeyote mwenye jedwali la tanjenti atagundua kwamba kushuka kimo hicho hadi kwenye lami yetu kunahitaji karibu kilomita 56. Ziwa hapa lina upana wa kilomita 50 hivi. Maana yake ni kwamba anatakiwa aanze kushuka kabla hajaziacha fukwe za Kongo! Karibu kila kijana ninayemkalisha mbele ya skrini anasubiri mpaka aione Kigoma. Akishaiona, ghuba iko chini ya pua, bandari iko kushoto, naye yuko juu mno. Anaisukuma pua chini. Kasi inapanda, flapu za mabawa haziwezi kufunguliwa kwa mwendo huo, ndege inafika kwenye kizingiti cha lami ikiwa bado inataka kuruka, inaelea, inaelea tu, na nusu ya uwanja imeshapita chini ya magurudumu. Darasa zima huanza kupiga kelele wakati huo. (Kicheko.) Hapo namwambia apandishe nguvu, azunguke, aanze upya. Ndivyo hata rubani mzoefu anavyotakiwa kufanya.

Hewa ndiyo hesabu ya pili, na huwashangaza wengi. Mchana wa Septemba, kipimajoto kikisoma nyuzi 28, hewa ya kiwanja chetu huwa nyepesi kama ile ambayo siku ya wastani ndege ingeikuta mita 1,500 juu ya bahari. Kipima mwendo cha Hercules kinaweza kusoma kilomita 220 kwa saa wakati wa kutua, lakini kwa wepesi huo wa hewa magurudumu yanaigusa lami kwa mwendo wa 237 hivi. Wanafunzi husema tofauti ya 17 ni ndogo. Nawajibu warudi kwenye kanuni ya nishati mwendo, ambapo kasi hupigwa kipeo cha pili: breki, pamoja na rafadha zinazogeuzwa pembe ili zisukume nyuma, sasa zina kazi zaidi kwa asilimia 16. Kwenye uwanja wa kilomita tatu kama wa Dar es Salaam hilo halimtoi mtu jasho. Kwetu linamtoa.

Tatu ni uzito, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo kiini kilipo. Vitabu vinasema Hercules hubeba karibu tani 20. Tuseme inatoka Dar es Salaam, kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka, safari ya saa mbili. Tuseme pia Kigoma siku hiyo haina mafuta ya kuipa, jambo la kawaida kwenye maafa, kwa hiyo lazima ije na mafuta ya kurudia. Ndege tupu pamoja na wafanyakazi wake ni kama tani 36. Mafuta ya kurudi na akiba, ikiwa inagusa chini hapa, ni kama tani 8. Lakini uzito wake wa kawaida wa kutua ni takriban tani 59. Toa 36, toa 8: unabaki na 15. Zile tani 20 za kitabuni zimekwisha kupungua kwa robo kabla hatujazungumzia mvua wala upepo. Hesabu hizi ni za mezani, nimezikadiria kwa juujuu, na rubani wa kweli ana majedwali yake. Hata hivyo mwelekeo ni huohuo.

Na tani 15 hizo haziwekwi popote. Wenye boti za Kibirizi wanalijua hili kuliko mimi: gunia moja likikaa mahali pabaya, boti inakunja pua. Ndani ya Hercules kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, msimamizi wa shehena, na kwenye simuleta nzuri ukisogeza mzigo mita mbili nyuma utaona pua inakuwa nyepesi mikononi. Ninapofundisha mada ya momenti, dakika kumi za jambo hili zinafanya kazi ya juma zima la ubao na chaki.

Kuhusu ndege kubwa zaidi nitapita haraka. Il-76 ya Kirusi na C-17 ya Marekani zote hutamaniwa na vijana. C-17 ina uwezo wa kutua kwenye uwanja mfupi kuliko wetu, wa mita 1,070 hivi, na hubeba zaidi ya tani 75. Kwenye skrini inatua Kigoma vizuri kabisa. Kwa nini nisishangilie, mtaona sasa hivi.

3. Pale simuleta inapodanganya

Simuleta haivunji lami. C-17 iliyojaa ina uzito wa tani 265, na kila uwanja duniani una kipimo cha uzito ambao tabaka zake za chini zinaweza kuubeba. Kijana anaishusha hapa mara kumi kwa siku, na lami ya kompyuta inabaki laini kama ilivyokuwa. Uwanja wa kweli ungeweza kuanza kupasuka siku ya kwanza, na ukipasuka, hata ile Q400 ya abiria wa kila siku inakosa pa kutua. Goma, mji wa Kongo mpakani na Rwanda, ni funzo la karibu. Julai 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja walipovuka mpaka ndani ya siku chache, ndege nzito za Marekani, Ufaransa na za Kirusi za kukodi ziliweza kushuka pale kwa sababu uwanja ulikuwa mrefu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ikaifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja huohuo, na kwa miaka iliyofuata ndege za aina ile zikabaki na nafasi finyu. Mji ulibaki palepale, na shida za watu zilibaki.

Ziwa la simuleta nalo ni la zamani. Programu nyingi zimechukua sura ya nchi kutoka kwenye vipimo vya rada vilivyofanywa na chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000. Tangu hapo Ziwa Tanganyika limepanda, limeingia kwenye nyumba za watu Uvira, Kalemie na Gatumba, na sisi wenyewe tunajua ni wapi tulikuwa tunatembea kwa miguu ambapo leo pana maji. Ufukwe ambao kijana anauona kwenye skrini ni wa wakati ambao hajazaliwa.

Kubwa kuliko yote kwangu ni usiku. Washa simuleta, weka saa mbili usiku, njoo kutoka magharibi: ziwa ni jeusi tupu. Ni mtu gani wa Kigoma amewahi kuliona ziwa jeusi tupu siku za giza? Mitumbwi ya dagaa ikitoka, zamani na karabai, siku hizi na taa za sola, kunatokea mji mzima juu ya maji, mkubwa kuliko Kigoma yenyewe, na kesho yake umehama. Mbalamwezi ikiwa kali, mji huo haupo kabisa. Rubani mgeni anayeingia usiku huo, nyota juu na taa chini, anaweza kupoteza upeo wa macho akaamini kwamba ndege imenyooka wakati imeinama. Ni hatari ambayo marubani hufundishwa duniani kote, na dawa yake ni kuziamini saa za ndege kuliko macho. Lakini hakuna mtengeneza ramani wa Ulaya wala Marekani atakayeziweka taa za dagaa kwenye programu kama sisi hatukumwambia kwamba zipo.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Nadhani ananikumbusha kwamba zamani ndege hazikuja hapa kuleta unga. Ni kweli. Mwaka 1916 ndege za maji za Wabelgiji zilivuka ziwa zikaja kuitupia mabomu bandari ya Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen. Meli hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye hoja ya mwisho.

4. Ndege, meli na reli

Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja hapa kwa meli na reli, ikaunganishwa upya. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ni wachache waliofikiri kwamba chombo cha anga kingeweza kufanya kazi ya namna hiyo. Wajerumani walijaribu: tarehe 21 Novemba 1917 waliirusha L59, puto kubwa la injini lenye urefu wa mita 226, kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 za dawa na silaha kwa ajili ya jeshi lao la Afrika Mashariki chini ya von Lettow-Vorbeck. Lilifika Sudan likaitwa lirudi. Lilitua lilipotoka baada ya saa 95, siku ileile ambayo Lettow alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Tani 15! Ni zilezile tulizozipata kwenye Hercules yetu ya leo.

Sasa twende kijiji cha Kagunga, Mei 2015. Ndugu zetu wa Burundi walikuja kwa wingi mpaka idadi ikakadiriwa kufika 50,000 kwenye ufukwe mmoja mwembamba, mlima nyuma, maji mbele, bila barabara. Kipindupindu kikaingia. Waliokuwepo mnakumbuka uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ulivyojaa, kabla watu hawajapelekwa kambi ya Nyarugusu kwa mabasi. Liemba iliwachukua watu kama 600 kwa safari. Hercules ina viti vya askari 92. Hata kama Kagunga ingekuwa na kiwanja, ambacho haina, kila safari moja ya meli ile iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika ingehitaji ndege kushuka mara sita na nusu.

Chakula nacho tukipigie hesabu. Mgao wa mkimbizi unalenga kilokalori 2,100 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo ya unga, maharage na mafuta. Watu 50,000 wanahitaji tani 25 na zaidi kila siku. Ndege mbili za tani 15, kila siku, bila kuharibika hata moja, kwa ajili ya kula tu. Maji, mahema na kuni havimo. Tani 15 ni magunia 300 ya kilo 50, na kama uwanja hauna folklifti, yanashushwa kwa mabega. Behewa moja la mizigo la reli ya kati hubeba tani 35 hadi 40. Treni moja ya mabehewa ishirini inawalisha watu hao karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo uamuzi wangu, na nautoa kama mtu anayezipenda ndege kupita kiasi, ni huu: ndege kubwa ya mizigo kwa Kigoma ni chombo cha siku mbili au tatu za mwanzo. Ilete madaktari, dripu, mitambo ya kusafisha maji, redio. Baada ya hapo kazi ni ya reli na meli, na kila shilingi inayotumiwa kusubiri ndege wakati behewa limekwama Tabora imepotea. Hili sikulisoma mahali. Nililiona kwa kujaza uzito kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na wanafunzi.

Kinachofuata

Ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kamati ya maafa ya mkoa iwe na karatasi moja, iliyobandikwa ukutani, yenye urefu wa lami na uzito inaoubeba, akiba ya mafuta ya ndege, idadi ya folklifti na malori, na namba za simu za watu wa bandari na stesheni. Ndege ya kwanza ikipiga simu, anayejibu asianze kutafuta. Pili, shule zenye umeme na kompyuta zianze na FlightGear kwenye somo la fizikia mwakani. Wavulana na wasichana sawa, maana huwa nawaona wasichana ndio wanaoanza kushuka mapema. Tatu, tuirekebishe ramani yetu wenyewe. OpenStreetMap iko wazi kwa mtu yeyote, na programu kadhaa za simuleta huchota humo. Ufukwe wa leo, majengo ya kiwanja, gati la Kibirizi: vijana wenye simu na miguu wanaweza kuyachora ndani ya likizo moja.

Walimu ambao wangependa kuanza wanione kabla hatujatawanyika, nina faili za kiwanja chetu kwenye flashi. Wanafunzi mtakaokuja Jumamosi, njooni na kalkuleta na jedwali la tanjenti.